Kamera Inatazama Mbele

Bibi Veneranda alimtangazia kila aliyepita, na wasiopita aliwafuata: mwanawe Faustino hana kosa, na kamera ndiyo shahidi. Alitangaza kisimani. Alitangaza kwenye jumuiya baada ya sala. Alimtangazia muuza dagaa aliyekuja kudai pesa yake, hata yule maskini akasahau kilichomleta, akaondoka akiiombea nyumba. Kufikia Jumamosi Robanda nzima ilijua kwamba Faustino atatoka mahabusu siku ambayo mkewe ataifikisha kamera kwa mpelelezi.

"Mama Teddy," alisema Veneranda, amekaa kizingitini miguu ameinyoosha juani, "hicho kidude bado kinatafutiwa waya tu? Mtoto wangu analala kwenye simenti."

"Waya nimeupata, mama. Nakwenda kwa Anold sasa hivi."

"Nenda. Na usikae huko kupiga stori."

Elieth, ndiye Mama Teddy, mke wa Faustino, aliifunga kamera kwenye pindo la khanga, akatoka. Ilikuwa kamera ndogo, inaenea kiganjani. Mgeni mmoja wa kambi ya watalii alimwachia Faustino pamoja na kishikizo chake cha kufungia kwenye usukani wa baiskeli, kwa sababu Faustino ndiye aliyewatembeza wageni kwa baiskeli vijijini na alikuwa na maneno matamu. Tangu siku hiyo hakuendesha tena kama watu. Akienda kisimani, anarekodi. Akienda kusaga mahindi, anarekodi. Wakati fulani chui alimkatizia njia kamera ikiwa imezimwa, na uchungu wa chui yule ukamfanya aape kutoizima tena. Video zake alizitupia mtandaoni. Watazamaji walikuwa ndugu zake, na wengine walioingia kwa bahati mbaya.

Jumatano ile alipita nyumbani mchana, gunia limefungwa nyuma kwenye keria. Akaifungua kamera, akampa mkewe kwa ajili ya chaji, akamwachia na kipande cha nyama kwenye mfuko wa nailoni. "Mbuzi," alisema, "wamechinja kambini." Akaondoka kuelekea Natta akipiga mluzi. Hakufika. Askari wa wanyamapori walimsimamisha barabarani, wakafungua gunia, wakakuta kimoro: nyama ya nyumbu iliyokaushwa kwa moshi, imepangwa vizuri kama vitabu vya shule. Faustino akapiga kelele ambayo mpaka leo wapita njia wanaiigiza: "Nimepewa tu kubeba! Nimeambiwa ni michembe ya viazi! Kamera yangu inamjua mwenye mzigo!"

Kesi ya namna hiyo huku hakuna asiyeijua. Mtu anaweza kuingia ndani mwanawe ananyonya, akatoka mwanawe ana ndevu.

*

Anold alikuwa na kibanda cha kuchajia simu, kuuza vocha na kuwarushia watu filamu. Aliichomoa kadi ndogo kwenye kamera, akaichomeka kwenye kompyuta yake yenye ufa.

"Haya shemeji, sinema ya jamaa yangu hiyo. Tuangalie pamoja."

"Naomba zile za masikioni."

"Mimi je, nisisikie?"

"Sikiliza redio yako."

Anold akacheka, akampa, akageukia mteja.

Elieth aliona usukani, aliona mikono ya mumewe, aliona barabara ya vumbi ikija kama inamezwa. Faustino alikuwa anawakaribisha watazamaji: "Karibuni tena ndugu zangu, hapa ni mimi na chuma changu." Mbuzi wakakatiza. Akaimba pambio, akakosea, akarudia pale pale alipokosea. Elieth akajikuta anatabasamu. Ndipo mtu akatokea kichakani, gunia begani, akaja moja kwa moja mpaka uso ukajaa kwenye kioo. Hakuwa mtu wa kutafutwa. Alikuwa Matiko, kaka yake Elieth, tumbo moja.

"Mura, hiyo kamera inakula picha?"

"Ilishalia betri. Imekufa hiyo," sauti ya Faustino ikajibu.

Matiko akapita kando ya usukani, akatoweka kwenda nyuma kwenye keria. Kamera ya usukani inatazama mbele. Ikabaki inaonyesha barabara tupu na kanga wawili wanadonoa. Lakini sikio la kamera halina mbele wala nyuma.

"Michembe hii. Ifikishe Natta pale kwa fundi cherehani, nitaikuta."

"Michembe?" Faustino alicheka kile kicheko chake cha puani. "Matiko, michembe ya kwenu Busawe siku hizi ina mbavu?"

"Wewe piga pedali, mura. Hiyo fulana ya kambi nani ataisimamisha?"

Kamba ikakwaruza. Kanga mmoja akaruka.

"Basi nikatie changu hapa hapa," akasema Faustino. "Chenye mafuta mafuta. Mama hana meno."

Elieth aliitazama barabara ile tupu mpaka baiskeli ikaanza tena kwenda, mpaka ikaonekana nyumba yake, mpaka akajiona yeye mwenyewe anatoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga, anacheka.

"Vipi, kuna kitu?" Anold aliuliza.

"Anold, hivi video mtu anaweza kuikata? Kubakiza mwanzo tu?"

"Kukata ni dakika. Ila polisi wana vijana wao, wanaona palipokatwa kama unavyoona suruali iliyowekwa kiraka. Unataka kukata wapi? Ngoja nisikilize."

"Basi, nichomolee." Alinyoosha kiganja. "Imeharibika. Haina kitu."

*

"Imeharibika?" Veneranda alisimama kwa kushika mwimo wa mlango. "Ya mtalii? Ya Ulaya? Iharibike siku moja, siku ile ambayo kaka yako alikuwa huku?"

Elieth aliifunga kamera tena kwenye pindo la khanga.

"Unadhani watu hawakumwona Matiko? Mama Felix alimwona anapita kwenye mihogo yake kama fisi mwenye deni. Nilisema moyoni, ngoja mkamwana wangu aangalie kamera, atasema mwenyewe. Kumbe nafuga nyoka anayekula ugali wangu!"

"Mama, kaka yangu hayumo."

"Yumo! Unamficha. Damu yenu Wakurya inavutana kuliko sumaku. Mume wako aoze, ili kaka yako anenepe." Alishusha sauti, na huko ndiko kulikotisha. "Sikiliza. Ng'ombe tulitoa sisi. Kama wewe ni mke wa kwenu, rudi kwenu, na ng'ombe wetu warudi."

Maneno hayo yalikuwa na kamba ndefu. Ng'ombe waliotolewa kwa Elieth hawakukaa zizini kwa baba yake hata msimu mmoja; walipelekwa kumwolea Matiko mke, Teresia. Ndivyo inavyokwenda, dada anaolewa ili kaka aoe. Wakidaiwa hao, ndoa mbili zinatikisika kwa mkupuo.

Kilichomchoma Elieth zaidi kilikuwa kile kinywa kinachomtukana. Jumatano jioni, kabla habari ya kukamatwa haijafika, kinywa hicho hicho kilinyonya nyama ile mpaka mchuzi ukatiririka kwenye kidevu. "Mbuzi huyu walimlisha nini?" aliuliza Veneranda, akilamba kidole. "Mwambie mume wako achinjiwe kila wiki." Elieth angeweza kuyasema hayo sasa hivi, akamnyamazisha bibi kizee mpaka Krismasi. Lakini siri kwa Veneranda ilikuwa sawa na maji kwenye kikapu; kesho ingekuwa kisimani, keshokutwa kituoni.

Usiku huo alilala jikoni. Hakuambiwa alale jikoni. Aliona tu mkeka wake umetupwa huko.

*

"Onja," askari wa zamu kituoni alisema.

Elieth akamega ugali, akachovya kwenye mlenda, akala mbele yake. Askari akasubiri kidogo, kana kwamba sumu huwa inapiga hodi, kisha akaita ndani. Faustino akaja bila mkanda wala viatu, kaishikilia suruali kwa mkono mmoja. Fulana ya kambi ilikuwa imegeuka rangi ya barabara.

"Ongeeni Kiswahili, na kwa sauti," askari aliwaambia. "Vilugha mkaongelee nyumbani."

"Teddy hajambo?"

"Hajambo. Anaulizia baiskeli."

"Mwambie iko gereji." Alianza kula haraka haraka, macho yake yamechangamka. "Kamera imepata chaji?"

"Imepata."

"Umemwona? Umemwona mtu anavyokuja na..."

"Mbele nimeona, Baba Teddy. Na nyuma nimesikia."

Tonge likabaki mkononi. Mlenda ukateleza polepole kwenye vidole vyake mpaka kwenye kifundo.

"Ilikuwa imelia," alisema. "Ililia alipofika tu, ikafa."

"Ililia tu. Hata Teddy analia, na hafi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni kwetu."

"Mnaongea nini hapo?" askari aliuliza.

"Betri, afande," walijibu kwa pamoja, kama wanafunzi.

Askari akasogea. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka tu. "Hiyo kamera, mama, ndiyo tunaingoja. Mumeo ametuimbia kamera, kamera, mpaka na sisi tumeushika wimbo. Mpelelezi amesema mwisho Ijumaa. Usipoileta tutakuja kuichukua."

Alipojitenga, Faustino aliinamisha kichwa kwenye bakuli. "Mama aliila?"

"Alilamba na kidole. Akauliza ni mbuzi wa nani."

Faustino alicheka. Kicheko kilianza puani kama kawaida yake, kikafika kooni, kikavunjika, akajifuta uso kwa mkono wenye mlenda. "Usimwambie," alisema. "Nakuomba, Elieth. Nifungwe, lakini mama asijue kwamba ni kwa ajili ya tumbo lake. Atakufa."

"Mimi je? Anasema namficha Matiko."

Askari akasema muda umekwisha.

*

Nje ya kituo alimpigia Matiko.

"Dada! Vipi huko?"

"Usiniite dada. Nimeiangalia. Upo, sura yako yote, na maneno yako, na yake."

"Naye si alijua?"

"Alijua. Kwa hiyo ikifika polisi mnaingia wawili. Isipofika, anaingia mmoja, mume wangu, peke yake. Lakini ukija wewe ukasema mzigo ni wako na yeye hukumwambia kilichomo, hakuna wa kukupinga. Kadi nitajua pa kuiweka."

"Elieth, unaniambia niende jela kwa miguu yangu?"

"Ng'ombe wangu ndio waliokuolea mke, Matiko. Watoto unaowabeba mgongoni ni wa ng'ombe wangu. Sijawahi kukudai hata chumvi. Leo nakudai."

Alimsikia anavuta pumzi, akasikia na kuku nyuma yake, na sauti ya Teresia akimwita mtoto akaoge.

"Sawa," Matiko alisema. "Ulichonidai ni haki yako. Kabla ya Ijumaa utaona."

Elieth alirudi Robanda na moyo mwepesi kidogo. Siku tatu alivumilia. Alichota maji peke yake kwa sababu wenzake kisimani walikuwa wakimaliza kuchota kila alipofika. Teddy alirudi akilia, ameambiwa mama yake amemuuza baba. Veneranda alikuwa sasa anamsemesha kupitia kwa kuku: "Wewe kuku, mwambie mwenye jiko chumvi imezidi." Elieth alijibu, "Nimesikia, mama," akaendelea kungoja mwanamume mmoja atokee barabarani, amenyoosha mikono yake.

*

Alhamisi mchana vumbi lilitokea kweli. Lakini halikuwa la mtu mmoja.

Mbele walikuwa ng'ombe. Nyuma yao alitembea Teresia, mtoto mgongoni, fimbo mkononi, miguu imejaa mchanga mpaka magotini. Walikuwa wamelala njiani. Aliwaingiza uani, akampigia goti wifi yake kama desturi inavyomtaka mke ampigie goti yule ambaye ng'ombe wake walimleta.

"Shikamoo wifi. Shikamoo mama. Matiko amesema dada alimdai ng'ombe wake. Ameniambia niwalete wa zizini kwetu, hesabu ile ile, na kwamba sasa hana deni."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?" Elieth aliuliza.

"Alipita Tarime juzi. Jana alinipigia kwa namba ya Kenya. Ameshavuka mpaka wa Sirari." Teresia aliinamisha uso. "Mimi nilijua tu kufuata ng'ombe."

Matiko hakuwa mjinga wa kila siku, lakini ujinga wa siku ile ulitosha ukoo mzima. Aliombwa mwili wake, akatuma mahari. Na mahari ikirudi zizini kwa walioitoa, hakuna haja ya hakimu: mwanamke si mke tena. Ng'ombe hao wakilala humo usiku mmoja tu, ndoa imekwisha.

Veneranda alikuwa ameshaelewa. Alizunguka ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akawapiga makofi mgongoni. "Basi wamejihukumu wenyewe," alisema. Hakuwa na furaha. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Elieth, funga nguo zako. Teddy anabaki. Kamera nayo inabaki. Ni mali ya mwanangu. Kesho nitaipeleka mwenyewe kituoni, iliyoharibika hivyo hivyo. Huko watajua kuitibu."

Hapo Elieth akaona jinsi itakavyokuwa: bibi kizee amevaa gauni la kanisani, amebeba kwa mikono miwili kitanzi cha mwanawe, anamkabidhi mpelelezi na kushukuru.

"Teddy," alisema, "kimbia kwa Anold. Mwambie aje na kompyuta yake, na zile za masikioni."

Anold alikuja. Aliifungua pale alipoambiwa, akafukuzwa mpaka nje ya uzio. Elieth alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamvisha zile za masikioni, taratibu, kama unavyomvisha mtoto hereni.

"Nini hiki?"

"Kwaheri yangu, mama. Sikiliza mpaka mwisho, halafu uipeleke unakotaka."

Veneranda alitazama. Alitabasamu alipoona mikono ya mwanawe. Faustino alipoanza pambio aliimba naye, kwa sauti kubwa kama wanavyoimba wasiojisikia. Matiko alipotokea alimnyooshea kidole Elieth: "Si huyu! Si huyu!" Kisha kidole kikabaki hewani. Barabara tupu ikamwangalia. Kanga akaruka.

Hakuna mwingine aliyesikia video imefika wapi. Walimwona tu anaupeleka mkono mdomoni, anazigusa fizi zake kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau humo ndani.

Alizivua zile za masikioni mwenyewe. Aliwatazama ng'ombe, kisha jua lililokuwa linakwenda.

"Kadi ni ipi?" aliuliza.

Elieth aliichomoa, akampa. Veneranda aliigeuza kiganjani, akashangaa udogo wake, akaingia jikoni. Walisikia mafiga yakisogezwa, kisha ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Alipotoka alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, na alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa mbele akamchapa.

"Toa hawa," alimwambia Teresia. "Toa upesi, jua lisizamie humu! Nani kaomba ng'ombe? Hapa tuna mkamwana wetu, hatujamrudisha kwa mtu."

"Mama," Elieth alisema, "wakili je? Hatuna hata pesa ya mtu wa kumsemea."

Veneranda alisimama akihema, fimbo juu. Akili ilimpita usoni kama kivuli cha mwewe. "Wakalale kwa Anold," alisema. "Kesho Teresia awapeleke mnadani, awauze kwa jina lake. Pesa ailete kama shemeji anayetoa pole. Pesa haina kwato, haijulikani ilitokea zizi gani."

Teresia aliwageuza ng'ombe. Yule wa mwisho aligoma langoni, akitaka kurudi kwenye kivuli, na wanawake wote watatu wakamsukuma kwa mabega.

*

Ijumaa walikwenda wote wawili. Veneranda alivaa gauni la kanisani. Aliiweka kamera mezani kwa mpelelezi, naye akaifungua, akatazama tundu tupu.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani, baba? Mimi mtu wa jembe. Mlisema kamera, nimeleta kamera."

Mpelelezi alimtazama bibi, akamtazama mkwewe, akaandika kitu, akaandika tena kwa muda mrefu. "Basi mjue mmemwacha mtu wenu bila shahidi," alisema. "Jumatatu anapelekwa mahakamani."

Wakaenda dirishani na bakuli lao. Askari alikuwa yule yule. Ndani, nyuma ya mlango wa chuma, Faustino alishasikia sauti ya mama yake, na alikuwa amesogea.

"Mboga gani leo?" askari aliuliza.

"Mlenda."

"Onja, mama mkwe. Leo uonje wewe."

Veneranda alimega ugali, akachovya, akauzungusha mdomoni taratibu mpaka ukashuka.

"Siku zote mlenda tu," askari alimtania. "Hata kipande cha nyama hamumletei kijana?"

"Nyama, baba?" Veneranda aliipaza sauti ili ifike mbali kuliko dirisha. "Kwetu nani aile? Mimi sina meno."

Nyuma ya mlango wa chuma kitu kilianguka sakafuni, kizito, kama gunia linaloteremshwa kwenye keria. Askari aligeuka kuangalia. Veneranda hakugeuka. Alimpa Elieth bakuli alifunike, wali usije ukaingia nzi, akasahau kwamba ulikuwa ugali.